Dege la Vita Lilikaa Kwenye Barafu Miaka 48, Mafundi Wakalifufua, Likaungua Siku ya Kulijaribu

Leo tuweke pembeni kidogo habari za nani kamwacha nani, tutarudi huko, najua hamwezi kulala bila hizo. Kuna stori nimekaa nayo wiki nzima kichwani na nikiiacha bila kuandika nitaumwa.

Na kama kawaida ya huku kwetu, majina kapuni. Ila safari hii siyo kwa sababu naogopa kuitwa polisi. Ni kwa sababu watu ninaotaka kuwaongelea ni mafundi, na fundi hata ukimtaja jina hakuna anayemjua. Rubani ana picha, mwenye ndege ana picha, hata yule mdada aliyechorwa puani mwa ndege anajulikana. Aliyelala chini ya tumbo la ndege na spana mdomoni, hana hata picha.

Ndege yenyewe inaitwa B-29. Hii ni ndege ya mabomu ya Wamarekani, iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Septemba 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili. Ukubwa wake, ncha ya bawa moja hadi ncha ya lingine ni mita 43. Injini nne, kila moja ina silinda 18 zimepangwa duara mbili, tisa mbele na tisa nyuma, na kila injini inatoa nguvu ya farasi 2,200. Wanaokaa ndani wamejaziwa hewa kama kwenye ndege za abiria za siku hizi, na bunduki zake zinaongozwa kwa mbali na mtu ambaye hata hazigusi. Kwa miaka ile huo ulikuwa uchawi. Mradi mzima uligharimu kama dola bilioni 3, hela nyingi kuliko hata mradi wa bomu la nyuklia. Rudia kusoma hapo. Kutengeneza ndege ya kubeba bomu kulikula hela kuliko bomu lenyewe.

Sasa, uchawi wote huo ulikuwa na ugonjwa mmoja, na fundi yeyote wa gereji angekwambia mapema: injini zilikuwa zinachemsha. Zile silinda tisa za nyuma zimejificha nyuma ya wenzake, upepo hauzifikii vizuri. Halafu baadhi ya sehemu za injini zilitengenezwa kwa magnesi, madini mepesi ambayo yakishika moto hayazimiki kirahisi, yanawaka kwa mwanga mweupe na kutoboa bawa. Tarehe 18 Februari 1943 ndege ya pili ya majaribio iliwaka ikiwa hewani, ikaangukia kiwanda cha nyama mjini Seattle. Wote waliokuwa ndani walikufa, na wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa wanakata nyama zao wakafa nao.

Unadhani walisimamisha mradi? Vita haisubiri. Waliendelea kutengeneza huku wanarekebisha.

Kulikuwa na viwanda kadhaa, ila kikubwa kwa stori yetu kipo Wichita, Kansas. Pale peke yake zilitoka ndege 1,644, na wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa jeshini. Wasichana waliotoka shule jana, leo wanapewa nyundo ya hewa.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana itatusaidia mbele. Ndege haichomelewi kama geti. Mabati ya alumini yanashikana kwa ribiti, vile vichuma vifupi vyenye kichwa upande mmoja. Unatoboa tundu, unapitisha ribiti, halafu watu wawili wanaifanyia kazi. Mmoja yuko nje na nyundo ya hewa anagonga kichwa. Mwingine yuko ndani, ameshika kipande cha chuma kizito, amekikandamiza kwenye mkia wa ribiti. Nyundo ikipiga, mkia unajibonda kwenye kile chuma, unatanuka, unabana. Hamuonani. Kuna bati katikati. Ukikandamiza vibaya ribiti inakaa upande, inabidi itobolewe upya itolewe. Kwa hiyo ni kazi ya kuaminiana na mtu usiyemuona uso, kutwa nzima, kwenye kelele ambazo ukirudi nyumbani masikio bado yanapiga filimbi. Sasa zidisha kwa mamia ya maelfu ya ribiti kwenye ndege moja.

Machi 1944 jenerali mkuu wa jeshi la anga alikwenda Kansas kuangalia ndege za kwanza zinazotakiwa kwenda vitani Asia. Akakuta hakuna hata moja iliyo tayari. Hata moja! Alichafukwa. Kikatokea kitu ambacho historia yao inakiita Vita vya Kansas, vita bila adui. Mahanga hayakutosha, hivyo mafundi walifanya kazi nje, kwenye theluji na upepo, wengine wakipanda bawani na kushuka kila baada ya dakika chache kwenda kupasha mikono moto. Kiwanda kiliwatoa mamia ya watu wake kwenda kusaidia. Ndani ya wiki chache ndege zikaondoka. Waliosifiwa ni majenerali, ila hilo mmelizoea.

Basi. Vita ikaisha 1945, na kwa jumla zilikuwa zimetengenezwa au zinamaliziwa kama 3,970. Ghafla hakuna anayezitaka. Nyingi zilikatwakatwa zikayeyushwa. Zilizobaki zikapewa kazi za ajabuajabu, na moja ya kazi hizo ilikuwa kuzunguka juu ya Ncha ya Kaskazini kuangalia Mrusi anafanya nini.

Hapo ndo anaingia Kee Bird. Hilo ni jina la ndege, nalitaja kwa sababu ndege haina ndugu wa kunilalamikia.

Februari 1947 Kee Bird ilitoka Alaska na watu 11, ikapotea. Kule juu dira inachanganyikiwa na jua la majira ya baridi halisaidii. Mafuta yakakaribia kuisha, rubani akaona ziwa lililoganda kaskazini mwa Greenland, akailaza hapo kwa tumbo tarehe 21 Februari. Wote 11 wakapona. Siku tatu baadaye ndege nyingine ikaja ikawachukua. Dege likabaki. Lipo sehemu ambayo hakuna mtu, hakuna barabara, hakuna unyevu wa kutisha, baridi tupu. Kwa alumini hiyo ni friji. Miaka ikapita, likakaa pale linang'aa, limevunjika kidogo tu.

Mwaka 1994 kikundi cha Wamarekani kikaamua: twendeni tukalirushe. Tafadhali elewa, hawakwenda kulibeba. Hakuna meli inayofika pale, wala lori. Njia pekee ya kulitoa ni lenyewe liruke. Kiongozi alikuwa rubani maarufu wa majaribio, mtu aliyezoea ndege za kasi ya ajabu. Ila rubani hawezi kufanya kitu mpaka fundi aseme tayari, na fundi mkuu ndiye mtu wangu wa leo.

Fikiria gereji yako iwe hivi. Hakuna paa. Spea zote zinakuja kwa ndege moja chakavu ya mizigo. Unabadilisha injini nne, na kila moja ina uzito unaozidi tani moja. Unabadilisha propela, magurudumu, na sehemu za mkia zinazoongoza ndege. Bolti zimekaa karibu miaka 50 bila kuguswa. Ukishika chuma bila glavu ngozi inabaki pale, ukivaa glavu huwezi kushika nati ndogo. Msimu wa joto kule ni mfupi kama likizo ya mfungo, na ukiisha, theluji inafunga kila kitu.

Yule fundi mkuu alifanya hiyo kazi. Injini ziliingia moja baada ya nyingine. Halafu akaanza kuumwa. Kulikuwa na kazi mbele yake na msimu unayoyoma, na mafundi mnawajua, akisema amechoka ujue amekufa zamani. Hali ikawa mbaya, wakamtoa kwa ndege kumpeleka hospitali Canada. Kama wiki mbili baadaye akafariki. Theluji nayo ikawafukuza wenzake. Dege likabaki pale na injini zake mpya alizozifunga marehemu.

Mei 1995 wakarudi. Wakasafisha theluji, wakapata njia ya kurukia juu ya barafu ya ziwa. Tarehe 21 Mei wakawasha injini. Zote nne zikaitika! Injini zilizofungwa na mtu ambaye yuko kaburini. Video ipo, na mimi siyo mtu wa kulia hovyo, ila sehemu ile nilisimamisha nikaenda kunywa maji.

Sasa sikiliza kilichofuata. Ndani ya mkia wa B-29 kuna injini ndogo ya petroli, jenereta ya kuzalisha umeme wakati wa kuwasha zile kubwa. Waliitumia, lakini tanki lake la mafuta lilikuwa la kuungaunga, limefungwa kwa muda tu, la kuvukia siku hiyo. Dege likaanza kutembea kwenye barafu, likawa linarukaruka kwenye matuta ya theluji. Kule nyuma lile tanki likaachia. Petroli ikamwagikia jenereta ya moto.

Waliokuwa ndani walitoka wote hai, mmoja aliyekuwa nyuma aliumia. Hawakuwa na maji ya kuzimia, wapo juu ya ziwa la barafu, maji yote ya dunia yapo chini ya miguu yao na hawawezi kuyapata. Wakasimama wanaangalia. Moto ukala kuanzia mkiani mpaka mbele, mpaka likabaki mabawa na majivu. Miaka 48 baridi haikulifanya kitu, tanki la kuungaunga likalimaliza mchana mmoja.

Hapa naomba niseme jambo langu. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakaja kama yalivyokuja, nilipelekwa gereji fulani hapa Dar, nikakaa miezi minane. Siku moja ilikuja gari ya mzee mmoja, pampu ya mafuta imekufa. Bosi hakuwa na muda. Akachukua kidumu cha lita tano, akakitoboa, akachomeka mpira, akaniambia, “Dogo, kaa mbele, pakata hiki, tukalijaribu.” Nikazunguka mtaa mzima nimepakata petroli mapajani, mpira umepita dirishani kwenda kwenye injini. Mzee mwenye gari kakaa nyuma anacheka. Tulirudi salama. Mpaka leo nikisoma habari ya lile tanki la Greenland mapaja yananiwasha.

Kwa hiyo usiniambie wale Wamarekani walikuwa wajinga. Siyo wajinga. Kila aliyewahi kushika spana amewahi kusema “hiki kishike kwa leo tu, kesho tutakifunga vizuri.” Umeshafunga injini nne kwenye barafu, mwenzako amekufa kwa ajili ya hii kazi, hali ya hewa inakufukuza, hela inaisha. Jenereta ya dakika kumi nani ataihangaikia? Kazi ngumu yote walifanya kwa ukamilifu. Kilichowaumiza ni kile kitu kidogo ambacho walikiona siyo sehemu ya kazi.

Tuhame sasa kwenye baridi, twende jangwani, maana kuna dada yake Kee Bird ambaye maisha yalimwendea tofauti.

Huyu anaitwa Doc. Ametoka Wichita, akakabidhiwa jeshi Machi 1945, vita hakuiona. Baadaye akawekwa kwenye kikosi cha kupimia rada ambacho ndege zake zilipewa majina ya hadithi ya Snow White na wale vibeti saba, ndo maana akaitwa Doc. Mwaka 1956 wakamtupa China Lake, jangwa la Mojave, California, eneo la jeshi la majini la kufanyia mazoezi ya mabomu. Yaani aliwekwa pale awe shabaha! Kila siku vijana wanajifunza kulenga, na yeye kakaa tu. Miaka 42. Sijui walikuwa wanalenga vibaya au Mungu alikuwa naye, hawakumpiga vya kummaliza.

Mtu mmoja alimgundua mwaka 1987, akahangaika na makaratasi ya serikali miaka zaidi ya kumi. Mwaka 1998 akapewa. Mwaka 2000 Doc akarudi Wichita amekatwa vipandevipande juu ya malori. Akarudi pale pale alipozaliwa.

Waliompokea ni nani? Wastaafu wa viwanda vya ndege, mji ule ndo kazi yake hiyo. Wazee wa kujitolea, hawalipwi hata nauli. Wanakuja asubuhi na chupa ya kahawa, wanavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, wanaanza. Unatoa bati moja, unakuta chini yake unga mweupe, hiyo ndo kutu ya alumini, haiwi nyekundu kama ya chuma kwa hiyo inakudanganya. Unasugua mpaka upate bati zima. Kama limeliwa sana unakata jipya, unalikunja lifuate umbo la zamani, unalishikiza kwa pini za muda, unalilinganisha, unalitoa, unalisafisha, unalirudisha, ndo unapiga ribiti. Halafu bati la pili. Waya za umeme zote zinapigwa upya. Mipira yote, kwa sababu mpira ukikaa jangwani unakuwa biskuti. Spea haipo dukani, kwa hiyo unatafuta mchoro wa miaka ya 40, unampelekea mtu wa kuchonga, anachonga. Siyo tofauti sana na kupeleka kitu Gerezani kuchongwa, ila huku kikichongwa vibaya watu wanadondoka.

Kuhusu injini, walikubali yaishe. Zile za asili zilikuwa na tabia ya kuwaka moto, nimeshawaambia. B-29 nyingine inayoitwa FIFI, iliyotolewa jangwa hilo hilo mwaka 1971, ilisimamishwa kuruka mwaka 2006 kwa sababu ya injini, ikarudi hewani 2010 ikiwa na injini za kuunganisha, yaani wamechanganya sehemu za matoleo mawili ya baadaye ya injini ile ile ili ipoe vizuri. Doc naye akapewa za aina hiyo. Kuna watu wa ndege za zamani hawapendi hilo, wanasema siyo asili. Mimi nawauliza, asili gani, ile ya kuangukia kiwanda cha nyama?

Sasa kuna bibi mmoja. Huyu alikuwa binti Mmarekani mwenye asili ya Mexico, akaanza kazi Wichita wakati wa vita baada ya kumaliza shule, kazi yake kupiga ribiti kwenye pua za B-29. Kazi ya watu wawili, mnakumbuka. Mwenzake alikuwa msichana mweusi. Wengine hawakutaka kufanya naye kazi, kwa sababu ya rangi yake. Yeye akakubali. Wale wawili wakafunga pua za ndege mpaka vita ikaisha, mmoja nje mmoja ndani, bati katikati.

Miaka zaidi ya 50 ikapita. Doc akarudi mjini. Yule bibi akasikia, akaenda hanga kujitolea. Na alichokuta ni kwamba ribiti za pua, zile za kazi yao, karibu zote zilikuwa bado zinabana. Jua la jangwa miaka 42, mabomu ya mazoezi, mchanga, bado zinabana. Kuna watu walikataa kusimama karibu na yule dada mweusi, na mkono wake ndio uliolishika lile dege lisiachane.

Hii sehemu ndo ilinifanya niandike hii makala, sitaficha.

Kazi ya Doc ilichukua kama miaka 16 na saa za kujitolea zinazohesabiwa kuwa takriban 450,000. Nilipiga hesabu kwenye simu: mtu mmoja akifanya saa nane kwa siku, siku tano kwa wiki, bila likizo, angemaliza baada ya miaka zaidi ya 200. Baadhi ya wale wazee walikufa kabla hawajaona. Tarehe 17 Julai 2016 Doc akaruka. Kwa dakika kama saba tu, akatua. Siku hizi ni yeye na FIFI pekee duniani, kati ya zile 3,970, ndio wanaoruka.

Mtu ataniuliza, sasa kama umebadilisha mabati, waya, mipira na injini, hiyo bado ni ndege ile ile? Swali zuri. Nenda kamuulize dereva wa bodaboda mwenye pikipiki ambayo injini siyo yake, fremu imechomelewa mara tatu, tanki la kaka yake, ila kadi ile ile. Atakwambia ni ile ile. Na amini usiamini, kwenye biashara ya ndege za kivita za zamani mambo ni hayo hayo. Kuna kibati kidogo chenye namba ya ndege, na kuna ndege zimezaliwa upya kutoka kwenye kibati hicho na vyuma vichache vilivyofukuliwa, zinauzwa kwa mamilioni ya dola kama “asili.” Sisi tukifanya hivyo kwenye Noah tunakamatwa.

Doc angalau sehemu kubwa ya mwili ni wake.

Nimebakiza dada wa tatu, na huyu siyo wa kuchekewa. Ni Enola Gay. Ndege iliyodondosha bomu la nyuklia Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, saa 2 na robo asubuhi. Hadi mwisho wa mwaka ule waliokufa wanakadiriwa kufika watu 140,000.

Baada ya vita walipewa makumbusho ya taifa ya Marekani, Smithsonian, mwaka 1949. Hawakuwa na pa kuiweka. Ikaachwa nje kwenye uwanja wa jeshi karibu na Washington kwa miaka, ndege wakajenga viota ndani, watu wakapanda wakanyofoa vitu vya kumbukumbu. Ikafunguliwa vipande mwanzoni mwa miaka ya 60 ikafungiwa stoo. Desemba 1984 mafundi wakaanza kuirudisha. Iliwachukua karibu miaka 19 na saa kama 300,000.

Na hawa kazi yao ilikuwa tofauti na ya Wichita. Hairuki tena, kwa hiyo huna sababu ya kuweka kipya. Fundi wa makumbusho anakatazwa kutupa kitu. Bati la zamani linabaki hata kama limechoka, unalisafisha kwa mkono, unalizuia lisiendelee kuliwa, unaling'arisha. Miaka 19 ya kusugua. Ilipofunguliwa kwa watu Desemba 2003, inang'aa kama kioo, mtu mmoja kwenye maandamano akarusha chupa ya kimiminika chekundu, ikabonyeza bati la ubavuni.

Nimejaribu kujiweka pale. Mimi ndo fundi. Nimesugua bati hilo labda mwaka mzima. Mtu kalibonyeza. Nakasirika? Na yeye anayerusha anawafikiria watoto waliogeuka kivuli ukutani. Nani kati yetu ana haki ya kukasirika? Sijui wadau, kweli kabisa. Najua tu kwamba kabla ya Hiroshima, Machi 1945, B-29 za kawaida zilichoma Tokyo usiku mmoja wakafa watu kama 100,000, na wale wasichana wa Wichita niliokuwa nawasifia hapo juu ndio waliozifunga baadhi yake. Yule bibi na mwenzake. Ribiti zao zilibana vizuri siku zile pia.

Kuna wanaosema ziyeyushwe zote tusahau. Mimi nakataa. Kee Bird iliungua na hakuna kilichotusaidia. Bora Enola Gay ikae pale, uende usimame chini ya ule mlango wa bomu, uone ni wa ukubwa gani. Ila ningetaka pembeni yake waweke kitu kingine kidogo: mawe.

Kwa sababu sehemu kubwa ya urani ya lile bomu ilitoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo, karibu na Likasi. Mgodi wa Wabelgiji, wachimbaji Wakongo, wanachambua mawe kwa mikono yao, hakuna aliyewaambia ni mawe gani. Ndege ina kibati cha namba, kiwanda, na kila saa ya kusuguliwa kwake imehesabiwa. Wale wachimbaji hawana hata hesabu ya saa. Na walikuwa wanaongea Kiswahili, hiki hiki ninachowaandikia.

Najua huku kuna wasomaji wa Lubumbashi na Likasi, huwa nawaona mkitubishia kwenye mambo ya muziki. Leo nawaomba nyie muanze kwenye komenti kabla ya wa Dar hawajaleta utani wao. Babu zenu walikuwa wanasema nini kuhusu lile shimo? Kama jina la babu hutaki kulitaja, liweke kapuni, sisi tutaelewa.